Meno Ishirini na Manane kwa Gari Moja

Kwa miaka thelathini na minne Plasta alitengeneza meno bandia katika chumba cha nyuma cha hospitali, kilichobanwa kati ya stoo ya magodoro na chumba cha kufulia. Jina hilo alilipata kwa sababu ya mikono yake, iliyokuwa myeupe kuanzia kwenye viwiko kushuka chini, kama mtu aliyeitwa ghafla akiwa anakanda unga. Hata kwenye harusi za watu alikwenda na plasta chini ya kucha. Hakuwa daktari wa meno, na hilo alimweleza kila aliyekosea: daktari wa meno anang'oa, yeye anarudisha. Alikuwa mnene, mpole, mwenye tabia moja tu ya kuudhi: alipozungumza na mtu alimtazama mdomoni badala ya machoni, hata wageni wakawa wanajifuta midomo wakidhani wamebakiza chakula.

Mke wake alikuwa mkunga wa kliniki, mwembamba kama ufito, mwenye sauti iliyozoea kutiiwa. Walijaliwa mabinti wawili pacha, mkubwa akimzidi mdogo kwa dakika kumi na nne, jambo ambalo mkubwa hakuacha lisahaulike. Mabinti walishakua na kwenda kujitegemea, lakini majina waliyowaachia wazazi yalibaki. Nyumbani, Plasta aliitwa Baba Pacha, na mkunga alikuwa Mama Pacha.

Alipostaafu, wiki ya kwanza alilala. Wiki ya pili aliyapanga upya masufuria ya jikoni kwa ukubwa, na vijiko kwa umri. Wiki ya tatu alianza kumweleza mkewe namna iliyo bora ya kufagia. Mama Pacha, aliyekuwa amebakiza miaka minne kazini na aliyetaka kuimaliza akiwa na akili zake timamu, akamketisha, akamwambia kwa ule upole anaoutumia kwa wanaume wanaozagaa mlangoni pa wodi ya wazazi, kwamba atafute kitu cha kufanya, na kitu hicho kiwe nje ya nyumba.

Kilipatikana kupitia mjane wa daktari. Mama huyu alikuwa na meno bandia aliyotengenezewa na fundi mwingine, meno yenye hiari yao: yeye akisema neno, yenyewe yanasema lingine. Siku moja yalimtoka katikati ya maombi, yakatua kwenye mapaja ya jirani. Akamwomba Plasta, ambaye bado alikuwa na meza yake ndogo ya kazi nyumbani, amtengenezee mengine. Plasta alikwenda kwake kumchukua vipimo vya mdomo, na wakati unga wa vipimo unaganda naye mama amekaa ameuma kibakuli cha vipimo hawezi kusema, Plasta akachungulia dirishani. Uani kulikuwa na banda, ndani ya banda kulikuwa na turubai, na chini ya turubai kulitokeza kitu cha mviringo cha rangi ya kijani. Alikijua kile kitu.

Lilikuwa gari la marehemu daktari, gari dogo la michezo la Kiingereza, la viti viwili, la chini kama mtu aliyechuchumaa, lisilo na paa. Zamani, Plasta akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, daktari aliingia nalo hospitali kila asubuhi, na mlio wake ulifika dakika nzima kabla yake. Plasta aliacha plasta ikaganda kwenye bakuli, akakimbilia dirisha la chumba cha kufulia ili alione likipita. Hakuwahi kulipanda. Mara moja tu, lilipokataa kuwaka, daktari alimwita aje alisukume, naye akalisukuma kwa viganja vyote viwili, akaacha alama mbili nyeupe nyuma ya gari. Daktari hakuzifuta kwa wiki nzima, na wiki ile Plasta aliiona ndiyo bora kuliko zote za ujana wake.

Meno mapya yalikuwa ishirini na manane, na yalikaa kama yamezaliwa humo. Mjane alitafuna karanga, ya kwanza kwa miaka sita, machozi yakamlengalenga, akauliza amlipe nini. Plasta akasema hataki malipo ila kile kilichoko chini ya turubai. Mjane alimtazama kwa huruma. Akamwonya kwamba kuku wanne wanataga mle, na kwamba kuku hao hawamo katika makubaliano.

Gari lilifika nyumbani juu ya lori la mchanga. Mlango mmoja ulianguka njiani na kuletwa baadaye na mwenye duka la vifaa vya shule, aliyedhani ni sehemu ya jokofu. Tairi zote zilikuwa zimelala. Sakafu ilikuwa imetoboka, na ulikuwepo uwezekano wa kusimama ndani ya gari huku miguu imekanyaga ardhi. Mama Pacha alirudi kazini akakuta majirani wamejipanga kwenye ukuta. Akalizunguka mara moja.

“Baba Pacha, hiki ni nini?”

“Gari.”

“Na nusu yake nyingine?”

Plasta alieleza kwamba hilo ndilo zima, magari ya aina hii hayazidi hapo. Mama Pacha akakumbuka kwamba ni yeye aliyemwambia atafute kitu cha nje, akaingia ndani.

Plasta alianza kwa kufungua kila kilichofungika, au angalau ndivyo alivyokusudia. Kwenye kona ya mtaa kulikuwa na fundi gereji aliyeitwa Mjapani, kwa kuwa hakugusa gari lolote lililotengenezwa kwingine. Mjapani alikuja na boksi lake la spana, akijichekea. Spana namba kumi na mbili haikuingia kwenye nati. Namba kumi na tatu iliingia na kuzunguka bure kama kidole kwenye bomba. Akajaribu nati ya pili, ya tatu, ya nane. Mwishowe akafuta jasho na kusema kwamba gari hili halijui kuhesabu.

Kumbe lilihesabu kwa inchi, na si aina moja ya inchi. Ilibidi Plasta arudi kwa mjane, ambaye alivuta kutoka chini ya kitanda furushi lililofungwa kwa gauni la kijani la chumba cha upasuaji. Ndani mlikuwa na spana za marehemu, zimepangwa na kung'arishwa kama visu vya kupasulia watu, na juu yake daftari nene lenye jalada gumu.

Spana zilifanya kazi siku hiyo hiyo. Kila nati iliyotoka Plasta aliihifadhi katika vile vikopo vidogo vya kutunzia meno, ambavyo alikuwa navyo mamia, na akaviandika kwa lugha aliyoijua. Nati za mbele ziliandikwa “taya la juu”, za nyuma “taya la chini”, na skrubu ndogo za mlango wa kushoto zikawa “magego, kushoto”. Rafu za sebuleni zilijaa taya. Binti mkubwa alipokuja kusalimia alifungua kopo moja, akalifunga, akamuuliza mama yake pembeni kama baba yuko sawa. Binti mdogo hakuuliza kitu. Aliondoka na kopo moja tupu la kuwekea hereni.

Daftari ndilo lililomshinda. Daktari alikuwa ameandika humo kila alichowahi kulifanyia gari lile kwa miaka kumi na tisa, lakini aliandika kama madaktari wanavyoandika, mistari inayofanana na sisimizi waliochovywa wino wakakimbizwa. Plasta alikaa na ukurasa wa kwanza siku mbili, na miwani mbili, moja juu ya nyingine. Mwisho wa siku ya pili alikuwa na hakika ya neno moja, “mvua”. Jioni hiyo Mama Pacha alirudi kutoka kliniki, akawa anavua viatu kwa kusimama, akatupa jicho mezani, akasoma bila kusita, kama anayesoma gazeti:

“Mgonjwa aliletwa saa mbili asubuhi, anakohoa, anatoa moshi mweusi. Nimempunguzia mafuta. Saa nne kikohozi kimekwisha.”

Plasta alimtazama, safari hii machoni. Mama Pacha aliona ajabu kwamba anaona ajabu. Kwa miaka thelathini alikuwa amesoma maagizo ya madaktari wa kila namna, wengine wakiandika huku wanatembea. Huyu, alisema, ana mwandiko mzuri tu. Na neno lile halikuwa “mvua”, lilikuwa “mafuta”.

Basi ikawa ndio utaratibu. Kila jioni, kabla ya chakula, Mama Pacha alisoma ukurasa mmoja, kwa sharti kwamba Plasta awe amenawa. Mwanzoni alisoma kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu. Baadaye Plasta alianza kugundua kwamba mkewe anajua yatakayokuja kesho, maana yake anasoma mbele kwa siri. Siku moja alimkuta amesimama jikoni na daftari mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, anacheka peke yake. Daktari alikuwa ameandika kwamba breki za nyuma zimekataa tiba, na ameshauri familia ijiandae.

Kuhusu umeme, Plasta hakuwa na subira ya kungoja ukurasa wake. Alimwita fundi umeme wa mtaa, mtu wa makamo aliyeitwa Cheche, ambaye alisema nyaya ni nyaya. Cheche alivuta nyaya mpya kwa siku tatu, akaleta betri, akaifunga kama inavyofungwa kwenye magari yote aliyowahi kuyaona, waya hasi kwenye bodi. Akakaa ndani, akageuza ufunguo. Moshi ulitoka nyuma ya saa ya mafuta, kidogo kidogo, wa buluu, kisha mwingi. Cheche alitoka ndani ya gari bila kutumia mlango, na ingawa gari halikuwa na paa, waliomwona walisema hata kama lingekuwa nalo angepita.

Jioni Mama Pacha alinusa hewa. Akanawa, akaketi, akafungua daftari kurasa sita mbele na kusoma kwamba kwenye gari hili waya chanya ndio unaokaa kwenye bodi, na kwamba mwandishi ameunguza tena, kwa mara ya tatu, na ni mjinga. Alirudia neno la mwisho polepole, akimwangalia mumewe, kana kwamba mwandiko haukuwa wazi.

Tangu siku hiyo hakuna nati iliyoguswa kabla ya kusomwa. Gari lilikuwa na daktari marehemu, lilikuwa na mkunga, na lilikuwa na mtu mmoja wa kukaza na kulegeza.

Lakini yapo mambo ambayo daktari hakuyajua na Plasta aliyajua. Chini ya bati, gari lile lilikuwa na mifupa ya mbao, na mifupa hiyo ilikuwa imeliwa na bungua mpaka ikawa kama mkate mkavu. Plasta alikwenda kwa seremala, na seremala alipouliza vipimo hakumpa namba. Alimpa nakala ya plasta ya ubavu wa upande wa pili, uliokuwa mzima, kama taya la mgonjwa. Seremala alisema hajawahi kuletewa kazi iliyoelezwa vizuri namna ile. Usukani nao ulikuwa umepasuka pande zote kwa jua. Plasta aliuziba kwa ule ute unaogeuka ufizi wa meno bandia, akausugua kwa siku nne mpaka ukang'aa. Kazi ilikuwa safi kabisa, haina hata mshono unaoonekana. Ila rangi aliyokuwa nayo stoo ilikuwa moja tu, na ndivyo usukani wa gari la Kiingereza la kijani ulivyokuwa wa pinki, wa unyevunyevu fulani, unaokufanya utake kuuliza una umri gani. Vitufe vya taa alivitengeneza kwa magego meupe. Kioo cha taa ya nyuma, upande uliovunjika, alikinakili kutoka upande uliobaki, mstari kwa mstari, lakini kwa ute ule ule, hivyo taa moja ikawa nyekundu na nyingine ya pinki. Mama Pacha aliitazama akasema ina upungufu wa damu.

Mwezi wa kumi na moja wa kazi injini ilirudishwa. Jumamosi asubuhi, Mjapani na Cheche wakiwa wamealikwa kama mashahidi, Plasta alivuta kitufe cha hewa, akabonyeza cha kuwashia, na injini ikawaka. Iliwaka kama mtu anayeshuka ngazi kwa mguu mmoja. Ilitetemeka, ikapiga chafya, ikazimika. Ikawashwa tena, ikafanya vile vile. Mjapani alizunguka pande zote mbili akatoa ushauri kwamba itolewe hii, iingizwe injini ya Kijapani, na kila mtu arudi kwake kwa amani. Plasta alikasirika hadi masikio yakabadilika rangi, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kurudisha, si wa kung'oa, na Mjapani alikuwa amezungumza kama daktari wa meno.

Mama Pacha alikuwa ukutani anaanika nguo. Alisikiliza kwa muda huku kibanio kikiwa mdomoni. Kisha akaingia ndani, akarudi na kile kidude chake cha mbao cha kikazi, kifupi, chenye mdomo kama wa tarumbeta, ambacho wakunga hukiweka juu ya tumbo la mama mjamzito kusikiliza moyo wa mtoto. Akawaambia wanaume wasogee, na wakasogea. Gari lile lilikuwa na kabureta mbili, zimekaa sambamba, kila moja ikivuta hewa ya silinda zake. Mama Pacha akamwambia mumewe awashe na asiruhusu izime. Akainama, akaweka mdomo wa kidude kwenye kabureta ya kwanza, sikio kwenye upande wa pili, macho akayafumba. Kisha ya pili. Kisha ya kwanza tena.

“Pacha,” alisema. “Huyu anapumua vizuri. Huyu amelala.”

Akamwonyesha Plasta skrubu, si kwa jina lake bali kwa kidole, maana aliisoma kwenye daftari. Robo mzunguko. Akasikiliza. Robo nyingine. Hapana, umezidisha, rudisha nusu ya ulichozungusha. Uso wake ulikuwa uso ule ambao Plasta hakuwahi kuuona kwa sababu hakuwahi kuruhusiwa kuingia anakofanyia kazi, uso wa mtu ambaye hayupo hapa kabisa, yuko kule ndani kwenye mlio. Injini iliendelea kuchechemea. Halafu, bila mtu kuelewa ni wakati gani hasa, haikuwa ikichechemea tena. Ilinguruma kwa sauti moja, nene na tamu. Plasta alisimama na bisibisi mkononi, akasikia asubuhi zile za ujana wake zikipita nje ya dirisha la chumba cha kufulia. Akajifanya mafuta yamemwingia machoni.

“Wote wawili wazima,” alisema Mama Pacha, akafuta kidude kwa aproni na kurudi kwenye nguo zake.

Kilichobaki kilikuwa viti. Mpaka hapo, kila Plasta alipohitaji kuingia ndani ya gari alikaa kwenye gunia lililokunjwa, sakafuni, na kwa namna hiyo nafasi ilimtosha. Viti vilikuwa kwa fundi makochi, mtu mkarimu aliyeamini kwamba hakuna kiti kilichowahi kulalamika kwa kujazwa sponji. Vilirudi vimenona, vya ngozi nyeusi, vya kupendeza. Vikafungwa. Plasta akavaa shati jeupe na kofia aliyokuwa ameinunua mwezi wa pili wa kazi na kuificha. Majirani wakajipanga ukutani. Akafungua mlango, akaingiza mguu mmoja, akajishusha, akaingiza wa pili, na akaingia kwa sauti kama ya kizibo kinachorudi kwenye chupa.

Akashika usukani wa pinki. Alipoupinda kushoto, tumbo nalo likaenda kushoto. Alipoupinda kulia, usukani haukwenda popote. Kati ya kiti kipya na usukani kulikuwa na nafasi fulani, na Plasta alikuwa ameijaza yote na ziada. Akatabasamu kwa majirani. Akajaribu kutoka, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba kuingia kulikuwa ndio nusu rahisi.

Mjapani alivuta mkono wa kulia. Cheche alipendekeza wakate kiti. Fundi makochi, aliyekuja kupongezwa, alisema kiti hakikatwi, akatwe mtu. Plasta alianza kuhema, na kadiri alivyohema ndivyo alivyozidi kujaa. Mtu akaenda kumwita Mama Pacha, ambaye alitoka akiwa anajifuta mikono, akaangalia hali kwa sekunde tatu, na kuwaambia wote wamwache mgonjwa. Akapiga magoti kando ya mlango.

“Baba Pacha, niangalie mimi. Pumua taratibu. Usisukume mpaka nikuambie.”

“Sisukumi,” alisema Plasta.

“Unasukuma. Nimekuona. Legeza mabega. Kichwa kitangulie, halafu bega hili. Sasa toa pumzi yote. Yote. Sasa sukuma.”

Alitoka kwa bega la kushoto, akateremka kwenye mkeka aliotandikiwa, akalala pale akitazama mawingu. Ukutani watu walikuwa wameshikana wasianguke kwa kicheko. Mama Pacha alitangaza kwamba ni mvulana, ana kilo mia moja na tisa, na watu warudi makwao ili apumzike.

Plasta hakucheka. Kwa siku nne hakutoka kwenda uani. Alijaribu kula kidogo, na kweli alikula kidogo mezani, ila stoo alikula kama kawaida. Kilichomuuma hakikuwa kuchekwa, alishachekwa sana maishani na alikuwa na ngozi ya kutosha. Kilichomuuma ni kwamba kwa mwaka mzima, kila alipokaza nati, alikuwa akijiona akipita na gari lile mbele ya hospitali, mkono mmoja kwenye usukani, na kwenye dirisha la chumba cha kufulia kijana fulani anaangalia. Sasa alikuwa ametengeneza meno mazuri kuliko yote aliyowahi kuyatengeneza, na mdomo wenyewe ulikuwa wa mtu mwingine.

Siku ya tano ilikuwa siku ya ukaguzi, na gari lilipaswa kufikishwa. Mama Pacha alikuwa na leseni, aliyoichukua zamani kliniki ilipompa gari la kuzungukia vijijini kuchanja watoto. Hakumuuliza mumewe. Alikaa kwenye kiti kilichonona, akabakiza nafasi ya mtu mwingine kati yake na usukani, akaweka gia ya nyuma na kutoka getini bila kugusa nguzo. Plasta alikaa upande wa abiria, ambako hakuna usukani, na ambako, ilionekana, alitosha kama amepimwa.

Mkaguzi alikuwa mtu wa fomu. Alitafuta aina ya gari kwenye orodha yake na hakuikuta. Akauliza mwaka wa kutengenezwa, akaambiwa, akawa wa kwanza kuhesabu kwamba gari linamzidi umri. Akapima breki, zikashika. Akasikiliza injini, akasema hata gari la ofisi halina mlio kama huu. Akafika nyuma, akainama, akauliza kwa nini taa moja ni ya pinki. Plasta alieleza kwa kirefu: kupima, kunakili, ute, kuivisha kwa maji ya moto. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika shavu lake la kulia, akatazama pande zote, na kuuliza kwa sauti ya chini kama kazi hizo anazifanya bado. Alikuwa na pengo la magego mawili. Alipewa siku ya kwenda kupimwa. Taa, hata hivyo, aliikataa, maana alikuwa mtu wa fomu kweli, na ilibidi Plasta atafute ute mwekundu na warudi tena Jumatatu.

Gari lilipopata cheti, Mama Pacha alisema wasirudi nyumbani moja kwa moja. Akashika barabara inayopanda mlima nje ya mji. Aliendesha kama alivyofanya kila kitu, kwa haraka na bila maelezo, akibadilisha gia kabla injini haijaomba. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kinapiga makofi kwa upepo. Plasta alishikilia kofia yake kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono mwingine, akisikiliza kila kitu, akingoja kitu kidondoke. Hakuna kilichodondoka. Nusu ya mlima akaacha kungoja.

Akaegemea nje ya mlango, ambao ni mfupi kiasi kwamba mkono ukining'inia unakaribia lami. Toka pale aliliona gurudumu la mbele, la spoki nyembamba sabini na mbili, ambazo alizisugua moja moja kwa mswaki kipindi cha mvua. Alikuwa hajawahi kuziona zikizunguka. Sasa zilikuwa zimepotea zote, na mahali pake palikuwa na duara la mwanga, limetulia tuli kama sahani ya fedha, na barabara inapita chini yake. Anayeshika usukani hawezi kuliona jambo hilo, ana kazi ya kutazama mbele. Daktari katika miaka yake kumi na tisa hakuliona. Plasta alisogea kidogo zaidi nje, apate kuona vizuri.

“Baba Pacha,” alisema mkewe bila kugeuza kichwa, “kaa katikati. Unalipindua gari.”